Boti Haisukumwi Kama Basi

Siku niliyoagwa kazini, aliyeendesha sherehe alisema nimelitumikia jiji "majini". Watu wa maabara wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, kwa kuwa sote tulijua ni maji gani. Majirani zangu wa Shauri Moyo waliniita Nahodha tangu nilipoanza, na wengine waliongeza neno la pili ambalo sitaliandika hapa. Nyinyi mliobaki pale kwenye mabwawa mliniomba niwaandikie kuhusu boti, na hasa ile siku ya Mutiso, kwa sababu kila mmoja wenu ameisikia kwa namna yake na katika namna moja nimeambiwa kulikuwa na kiboko. Hakukuwa na kiboko. Kiboko alikuja baadaye, naye hakutusumbua.

Kwa wale wageni kabisa, nianze na mahali penyewe. Ukiipita mitaa yote ya Eastlands ukaziacha nyumba za mwisho nyuma, ardhi inakuwa tambarare na nyeusi, na hapo ndipo majitaka ya jiji yanapopumzika katika mabwawa makubwa, moja likimwagia lingine, mpaka yasafike na kurudishwa mtoni. Nilipoajiriwa mwishoni mwa miaka ya sabini, mabwawa yalikuwa mapya na boti ilikuwa moja tu yenye injini. Ilikuwa boti ya bati, tumbo lake bapa, na injini imefungwa nyuma. Tuliitumia kuchota sampuli katikati ya bwawa, kupima kina cha tope, na kuvuta magugu yaliyoelea kabla hayajaziba milango ya maji. Harufu nilidhani nitaizoea kwa mwaka. Niliizoea kabla sijaizoea chai ya kantini.

Mwendeshaji wa boti alikuwa mzee mmoja Mjaluo tuliyemwita Baba Akinyi. Alikuwa amefanya kazi ziwani upande wa magharibi tangu ujanani, kisha akahamia Nairobi kwa sababu binti yake alisoma huku. Mimi nilikuwa msaidizi wa maabara, msichana wa Murang'a niliyekulia Shauri Moyo, sijui kuogelea na sijawahi kuona maji mengi kuliko ya Mto Nairobi ukifurika. Siku ya kwanza nilifika na sanduku la chupa na viatu vya kisigino. Aliviangalia viatu kwa muda mrefu bila kuniangalia mimi.

"Binti, hizo viatu ni za kanisa," akasema. "Hapa utatoboa boti yangu."

Nikavivua. Nilidhani tutaondoka, lakini boti ilikuwa bado ndani ya banda, juu ya magogo, mbali kabisa na maji. Akaniambia niingie, nikae. Nikakaa. Akaniambia nihamie upande wa pili. Nikasimama ili nihame, akanirudisha. Nikahama nikiwa nimeinama, akanirudisha tena. Asubuhi yote nilijifunza kuhama ndani ya boti iliyo nchi kavu kwa kuburuta makalio, huku wafagiaji wakipita na kutuangalia kama wendawazimu wawili. Mchana akaniambia nimefaulu nusu ya kazi. Nusu nyingine, akasema, ni kufanya hivyohivyo wakati watu wanapiga kelele.

Kwa ujana wangu niliona ananidharau. Leo namshukuru kwa asubuhi ile kuliko kwa mafunzo yote niliyopelekwa baadaye kwa barua na posho.

Ndani ya boti aliweka sanduku la mbao ambalo halikufungwa kamwe. Mlilirithi, na mkilikuta limefungwa mnijulishe nije kuwagombeza. Lilikuwa na vigingi vya mbao laini vya kuzibia matundu, vya unene tofauti, alivyochongewa na seremala wa Gikomba. Matambara ya pamba ambayo mama yangu alituletea kutoka kwenye kibanda chake cha nguo sokoni. Kamba, filimbi, na kopo la kuchotea maji. Kopo lilifungwa kwa uzi kwenye ukingo wa boti, kwa sababu kopo lisilofungwa hulala chini siku zote isipokuwa siku linapohitajika. Pia kulikuwa na sabuni ya kipande. Makanika wa mitaani wote wanajua kwamba tangi la mafuta likivuja unalipaka sabuni, na Baba Akinyi alisema ziwa halina aibu ya kujifunza kutoka kwa makanika.

Mara ya kwanza boti kuvuja nikiwamo, tulikuwa mbali kidogo na ukingo, na nikahisi soksi zangu zimelowa. Nilimwambia. Alizima injini, akawaambia wale vibarua wawili tuliokuwa nao wasisogee, kisha akaanza kutafuta maji yanakoingilia, taratibu, kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mfuko wa koti. Ilikuwa ribiti, msumari wa kuungia mabati, iliyolegea ubavuni. Akatuhamisha mmoja mmoja upande wa pili, kwa makalio, mpaka boti ikainama na ile ribiti ikatoka juu ya maji. Mvujo ukakoma. Akapaka sabuni, akabana kitambaa, akanipa kopo. Halafu hakurudi gatini. Akawasha injini na kutupeleka polepole kwenye ukingo wa karibu zaidi, palipokuwa na tope laini, akaipandisha boti pale ikakwama.

"Umekwamisha boti," nikamwambia.

"Bora ukwame mahali umechagua," akasema, akatoa chupa yake ya chai.

Jambo alilolirudia hadi likanichosha lilikuwa hili: boti ikigonga kitu, kitu cha kwanza ni kuzima injini. Usitazame, usiulize, usitukane. Zima. Cha pili, watu wakae chini. Cha tatu, angalia ndani ya boti kabla ya kuangalia nje. Na usirudi nyuma mpaka ujue umekalia nini, kwa sababu kilichokutoboa kinaweza kuwa ndicho kilichoziba tundu. Aliyasema haya kila asubuhi, hata siku za Jumamosi, kwa sauti ileile ya padri anayesoma matangazo. Siku moja nilimuuliza kwa nini hayo tu ndiyo anayarudia wakati mengine yote alinifundisha mara moja. Akajifanya hajasikia. Alikuwa na masikio mazuri sana, kwa hiyo nikajua nisiulize tena.

Alipostaafu, akahamia kwa binti yake Akinyi, mtaa wa Fedha. Boti ikawa yangu. Baadhi ya wanaume walisema kwamba mwanamke hawezi kushika injini, lakini hakuna aliyejitokeza kuishika yeye, maana ilikuwa ni kazi ya kurudi nyumbani ukinuka.

Sasa ili mwelewe kilichompata Mutiso, lazima niwaeleze barabara za wakati ule. Mitaa ilikuwa inajengwa kwa haraka, Umoja, Tena, Fedha, na udongo wetu mweusi, mvua ikinyesha, hauachi kitu kipite. Basi likikwama hapakuwa na mjadala. Kondakta aligonga ubavu, wanaume wakashuka, wakazunguka nyuma, wakasukuma, dereva akapiga resi, wote wakarushiwa tope, wakapanda tena wakicheka. Mtu aliyebaki kitini alionekana hana adabu. Hivyo ndivyo tulivyofika kazini majira yote ya mvua. Na bingwa wa kusukuma alikuwa Mutiso, Mkamba mwenye mabega kama mlango, mfanyakazi wa kikosi cha magugu, aliyekuwa amehamia Tena na mkewe mjamzito. Basi lilikuwa halijasimama vizuri, naye ameshashuka.

Siku hiyo tulikuwa watatu katika boti: mimi kwenye injini, Mutiso, na Nafula, mwanamke wa Bungoma mwenye maneno machache na mikono yenye nguvu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulikwenda kuvuta magugu yaliyokuwa yanaelekea mlango wa maji. Niliwaamuru wavae jaketi za kuelea. Nafula alivaa. Mutiso alilikalia la kwake, akasema kiti cha bati ni baridi. Nilimwambia mara mbili, akasema, "Sawa, Nahodha," na akaendelea kulikalia.

Tulikuwa katikati ya bwawa boti ilipogonga. Haikuwa kishindo kikubwa. Ilikwaruza, ikainuka kidogo mbele, ikasimama, kama mtu aliyeshikwa nguo na msumari. Mkono wangu ulizima injini. Nasema mkono wangu kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa bado sijafikiri lolote.

"Kaeni chini," nikasema.

Nafula alikaa. Mutiso alikuwa tayari ameshasimama. "Imekwama tu," akasema. "Ngoja nishuke nisukume." Na kabla sijamshika shati, akaruka. Aliruka kule ambako angeruka kama lingekuwa basi, nyuma, kando kabisa ya injini, mahali mapanga yake ya kusukumia maji yalipokuwa yamesimama punde tu.

Juu, bwawa lile si la kina kirefu, na alilijua hilo. Alichosahau ni kwamba chini hakuna chini. Kuna tope, na chini ya tope kuna tope. Alisimama maji yakiwa kifuani, akaweka bega lake kwenye boti, akasukuma. Maji yakamfika mabegani. Akavuta mguu mmoja, ule mwingine ukazama zaidi. Nikaona uso wake ukibadilika.

"Wambui," akasema, kwa sauti ndogo sana kwa mtu wa mwili ule. "Hii kitu inanivuta."

Nafula akanigeukia. "Rudisha nyuma! Washa, turudi nyuma tumchukue!"

Nakumbuka vizuri jinsi maneno hayo yalivyoonekana kuwa ya busara. Mwenzetu anazama, yuko nyuma yetu, na injini iko mkononi mwangu. Lakini niliangalia ndani ya boti, kwa sababu niliambiwa kila asubuhi niangalie ndani ya boti. Mbele, katikati ya miguu ya Nafula, ncha ya chuma ilikuwa imetokeza kwenye sakafu, urefu wa kidole. Kilikuwa chuma cha zamani kilichosahauliwa na wajenzi, kimesimama wima chini ya maji. Maji yaliingia kando yake kidogokidogo. Tulikuwa tumekalia kizibo chetu.

Nilimwambia Nafula asiinuke, asimwendee Mutiso, apige filimbi na ainue kasia lenye kitambaa chekundu ili mlinzi aliye ukingoni atuone. Alinitazama kama nimepagawa, lakini akapiga. Mutiso alikuwa ameushika ukingo wa boti kwa mikono miwili na kujivuta, na kila alipojivuta, upande wetu uliinama na bati likalia juu ya chuma.

"Mutiso, achilia boti."

"Nikiachilia nitakufa."

"Ukiivuta tutakufa sote. Nakupa kasia. Achilia mkono mmoja."

Nilililaza kasia juu ya maji mbele yake, nikamsukumia jaketi lake lililofungwa kamba, lile alilokuwa amelikalia. Nikamwambia alilaze chini ya kidevu na kifua, aache kusimama, alale kama aliye kitandani kwake Tena, na miguu aitoe polepole kama anayevua gambuti asimwamshe mke. Aliniambia neno moja kuhusu gambuti ambalo pia sitaliandika. Lakini alilala. Maji yalimfika mdomoni, akafumba. Nilimsemesha wakati wote huo, huku mikono yangu ikisukuma matambara ya mama yangu na vipande vya sabuni kando ya chuma kile, na Nafula akichota kwa kopo kwa mkono mmoja, filimbi ikiwa bado mdomoni. Sijui nilisema nini. Nafula anadai nilimweleza Mutiso jinsi ya kupika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, jambo ambalo sijui na yeye Mkamba anajua.

Mguu mmoja ulitoka. Kisha wa pili, bila kiatu. Akaanza kuelea.

Mlinzi alikuja na boti ndogo ya makasia iliyokaa ukingoni. Nilimwelekeza asitusogelee kwa kasi wala asitugonge. Tulimvuta Mutiso kupitia nyuma ya boti ndogo, si ubavuni, tumbo likitangulia, mpaka akawa amelala ndani kama gunia la viazi. Kisha Nafula akahama, kwa makalio. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilipokaa katika boti ile nyingine ndipo nilipolia, na sikuona haya, na Mutiso akalia pia, akisema ni majitaka yaliyomwingia machoni.

Alipelekwa hospitali kwa sababu ya yale aliyomeza, akaumwa tumbo wiki nzima, akapona. Boti tuliiondoa kesho yake kwa kamba, vigingi vikiwa tayari. Ilipoinuka kutoka kwenye kile chuma, maji yaliruka kupitia tundu kama bomba lililopasuka, na kwenye mpasuko ule ningeweza kuingiza ngumi yangu. Nafula aliliangalia tundu, akaniangalia mimi. Siku zote zilizofuata alinibebea sanduku la chupa bila kuombwa.

Habari zilimfikia Baba Akinyi kule Fedha. Jumapili alikuja Shauri Moyo, amevaa koti lake la kanisani, akakaa kwenye kiti cha mama yangu. Tukamwekea chai na mkate. Hakugusa.

"Ulizima injini kwanza?" akauliza.

"Nilizima."

"Kabla ya kitu kingine chochote?"

"Kabla sijafikiri, Baba."

Akakisogeza kikombe pembeni. Mama yangu akadhani amekasirika, akaanza kunitetea. Mzee akainua mkono wake polepole, akamwambia hapana, mama, sina hasira. Ndipo akatuambia kitu ambacho hakuwahi kukisema kazini. Alikuwa na mdogo wake, Ochieng', aliyefanya naye kazi ziwani. Ochieng' ndiye aliyeshika injini siku boti yao ilipopanda mwamba, imejaa wachuuzi wa samaki. Watu wakapiga kelele: rudi nyuma, rudi nyuma. Ochieng' alikuwa kijana mwenye heshima, hakuzoea kukaidi watu wazima. Akarudi nyuma. Boti ikatoka juu ya mwamba vizuri kabisa, wakashangilia, kisha ikajaa maji kutoka chini. Baba Akinyi alishika pipa tupu lililoelea. Ochieng' alikuwa anawasaidia wengine washike pipa.

"Nilikuwa nakuambia wewe kila asubuhi," akasema, "lakini ni yeye nilikuwa namwambia."

Kisha akavuta kikombe, akanywa chai yote, akaomba nyingine. Nilimshika mkono, kitu ambacho sikuwahi kufanya. Nilimwambia asante, na nilijua neno hilo halitoshi, na yeye akanipigapiga mkono kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

Nilimsimulia Mutiso. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaondoka, nami nikadhani nimemwongezea mzigo. Mkewe alipojifungua mtoto wa kiume, Mutiso alikwenda Fedha kwa miguu, kumwomba mzee ruhusa ya jina. Wakamba wana majina yao, na babu wa mtoto alikuwa anasubiri jina lake. Mama yake Mutiso alinuna mpaka Krismasi. Lakini mtoto aliitwa Ochieng'. Baba Akinyi aliambiwa kwamba mtoto alizaliwa usiku, ilhali Wajaluo humpa jina hilo mtoto aliyezaliwa jua likiwaka. Akambeba, akamtazama. "Si kitu," akasema. "Jua litamkuta."

Baba Akinyi ametangulia miaka mingi iliyopita. Mutiso bado yuko Tena, na tangu siku ile hajawahi kushuka kusukuma basi. Hukaa kitini, akamwambia dereva azime injini kwanza aangalie chini, na abiria humtukana, naye hukubali matusi yote kwa amani.

Siku niliyoagwa alikuja na Ochieng', sasa mtu mzima mwenye mabega yaleyale ya mlango. Watu walipomaliza hotuba, kijana alinivuta kando, akaniita bibi kwa Kikuyu, akaniuliza swali ambalo alisema amelibeba tangu shuleni, kila mwalimu alipomuuliza Mkamba amepataje jina hilo.

"Cucu, huyo Ochieng' wa kwanza alikuwa mtu wa aina gani?"

Nikamwambia ukweli: sikuwahi kumwona. Najua aliwasikiliza watu waliopiga kelele, na najua kaka yake alimpenda hadi akaendelea kumfundisha kila asubuhi baada ya kufa kwake. Nami nilikuwa nimekaa hapo, nikasikia, na ndiyo sababu baba yako alirudi nyumbani.

Kisha akanibebea mifuko yangu ya zawadi mpaka kituoni, na njia nzima alitembea upande wa barabara, kati yangu na magari.